Mke Wangu Alipokataa Kupunguza Ushuru

Siku ya kwanza kazini nilivaa koti la marehemu baba, nikatoka kwetu Magarama, mtaa wa Gitega, kwa miguu hadi kituo cha redio, huku njia nzima nikijizoeza kusema, "Wasikilizaji, hamjambo." Akina mama waliokuwa wakifagia mbele ya maduka waliniitikia vizuri tu, wakidhani nawasalimu wao. Nilifika nikiwa nimeshajiona mtangazaji.

Shefu, yaani mkuu, wa Habari wa Gitega alinipokea akiwa amesimama. Alikuwa mtu mwembamba, mkali, na sijawahi kumwona akikaa kitini zaidi ya dakika moja. Alinisikiliza nikisoma mistari miwili ya gazeti, kisha akanikatiza.

"Sauti unayo," akasema. "Sauti kila mtu anayo, hata mbuzi. Tutaona kama una masikio."

Akanipa matangazo ya vifo, maana wakati ule msomaji mpya alianzia huko. Mimi, kwa furaha ya kusikika hadi kwa shangazi zangu, nikayasoma kwa bashasha kama mtu anayetangaza harusi. Mchana ule ule wakaja ndugu wa marehemu mmoja kuuliza redio inafurahia nini. Shefu aliwaomba radhi, akanigeukia na kusema maneno ambayo nimeyarudia kwa kila kijana niliyemfundisha baadaye: "Neno ni la aliyelisema. Sauti ni yako. Unaweza kumuua mtu kwa sauti bila kubadilisha neno hata moja."

Nilihamishiwa idhaa ya Kiswahili. Vijana wa leo wananiuliza, Kiswahili cha nini Burundi, wakati Kirundi kila mtu anakisikia? Ni kweli. Lakini wafanyabiashara waliotoka Kivu Kusini walitaka habari kwa lugha yao. Vivyo hivyo Waislamu wa mjini, na vivyo hivyo waliokulia Tanzania wakarudi. Tena nawaambia, kuna watu waliosikia jambo asubuhi kwa Kirundi, wakangoja jioni walisikie kwa Kiswahili ndipo waamini.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kupandia. Hivyo ndivyo tulivyoita. Mtu anaongea Kirundi au Kifaransa, tunakata kipande cha maneno yake, ambacho sisi tulikiita elemani. Unaacha sauti yake mwenyewe isikike kidogo, fundi wa mitambo anaishusha, nawe unapanda juu yake kwa Kiswahili. Sharti lilikuwa moja: akisema "mimi", nawe unasema "mimi". Husemi "mheshimiwa anaeleza kwamba". Unakuwa yeye mpaka elemani iishe, kisha unarudi kuwa mtoto wa Magarama.

Sharti hilo lilinitesa kila wakati wa kampeni. Wagombea walikuja na misimamo yao ya kodi na matumizi ya serikali, nami nikawapandia wote, kila chama kwa dakika zake. Kwa sauti hii yangu nimefuta kodi ya baiskeli. Nimeshusha ushuru wa soko hadi nusu, nikajenga barabara ya kwenda Nyarusange, na katika sentensi iliyofuata nikawapa vijana wote ajira. Ahadi ni deni, wahenga walisema, na kama deni lingekuwa la yule aliyeitamka kwa Kiswahili, mimi ningekufa gerezani. Watu walinisimamisha njiani. "Bwana Hamisi, si we ulisema ushuru utashuka? Mbona wametutoza tena?" Nikieleza kwamba mjumbe hauawi, wananitazama kama mtu anayekwepa.

Baada ya miaka kadhaa nikapelekwa Muyinga. Kituo kilikuwa kidogo na kiliongozwa na mwanamke, Mama Mkurugenzi, mtu mtulivu aliyevaa miwani kwenye uzi na kusikiliza kila kipindi akiwa amefumba macho. Mke wangu Zaituni, mama wa binti yetu Halima, alipata meza sokoni, akauza vitenge. Zaituni alikulia Kigoma, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, na hilo hakuwahi kuniacha nilisahau. Nikisoma habari akasikia kosa, nilirudi nyumbani nikalikuta linaningoja pamoja na chakula.

Meza yake ilikuwa karibu na mlango wa soko, chini ya bati, pahali ambapo kila aingiaye lazima apite. Meza ile ndiyo iliyotulisha. Mshahara wa redio, nisemeje, ulikuwa unakuja kama mgeni asiyependa kulala. Waliogawa meza na kukusanya ushuru walikuwa kamati ya soko, na mkuu wao alikuwa mzee mmoja mwenye duka la sementi tuliyemwita Mwenyekiti.

Ukaja uchaguzi wa madiwani wa komini, yaani serikali ya mji na vijiji vyake. Kati ya wagombea alikuwemo mama mmoja mkulima wa Mwakiro, jina lake Godeliva, ambaye siku za soko alileta maharagwe mjini. Alikuja kituoni amevaa kandambili zenye tope, akaketi mbele ya maikrofoni, akaongea Kirundi kwa dakika zake zote bila karatasi. Nilikuwa nimeshaandaa masikio yangu kwa ushuru kushuka nusu. Badala yake akasema ushuru hatashusha.

Mama Mkurugenzi alifumbua macho. Mimi niliacha kuandika.

Tukabaki na tatizo la ufundi. Nani ampandie? Uchaguzi uliopita nilimpandia mgombea mwanamke aliyesema, "Mimi niliyebeba mimba nikilima," na mji mzima ulinicheka. Wauza nyama waliniuliza nitajifungua lini. Tangu hapo Mama Mkurugenzi akaweka amri kwamba sauti ya mwanamke ipandiwe na mwanamke. Amri nzuri, ila idhaa ya Kiswahili haikuwa na mwanamke.

"Mkeo," akaniambia.

"Zaituni hajawahi kushika maikrofoni, Mama."

"Nimemsikia sokoni. Hahitaji maikrofoni."

Kabla sijafika nyumbani, Mwenyekiti alikuwa ameshajua Godeliva alichosema. Muyinga ni mji mdogo. Aliniita dukani kwake, akaniagizia soda, akaanza kwa mbali, habari za mvua na bei ya misumari, mpaka akafika.

"Baba Halima, mi sikuambii udanganye," akasema kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kifaransa. "Donc, maneno ya yule mama soma yote. Mais soma polepole, bila nguvu, kama vile unasomaka matangazo ya wafu. Watu watachoka, watazima. Ni hiyo tu."

Nilishangaa. Mtu wa sementi alikuwa amegundua mwenyewe kile ambacho Shefu wangu alinifundisha kwa ukali. Nikamwambia si mimi nitakayesoma.

"Nani?"

"Mama Halima."

Akaipangusa chupa ya soda kwa kiganja. "Iko na meza pa fasi muzuri, Mama Halima," akasema. "Pale mlangoni. Watu wengi wanaitamanika."

Nilimaliza soda, nikaondoka. Nilijua vizuri maana yake: Zaituni akimsomea Godeliva sawasawa, meza ya mlangoni imekwenda.

Nilimweleza mke wangu yote, sikuficha kitu. Nilitegemea atakataa, na nakiri kwamba angekataa ningepumua. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua.

"Kwanza," akasema, "mimi huyo Godeliva simpigii kura. Ushuru unanila. Ukishuka nusu nitashangilia."

"Basi nitamwambia Mama Mkurugenzi atafute mwingine."

"Sijamaliza. Pili, meza ni yangu. Mzee akiitaka meza yangu, aje aidai kwangu. Nani kamwambia redio inasomwa kwa meza?"

Kesho yake akaja kituoni. Fundi wa mitambo akamwomba avue bangili, maana maikrofoni inasikia kila kitu. Akazivua moja moja kwa uchungu, akazipanga mezani. Nilimpa tafsiri niliyoiandika usiku, akaisahihisha papo hapo kwa kalamu yangu mwenyewe. Kisha akasoma, na alisoma kama mtu anayemgombeza mdeni.

Mama Mkurugenzi akamsimamisha. "Dada, wewe unamgombeza Godeliva. Nataka umsemee."

"Sikubaliani naye."

"Hatukukuita ukubaliane."

Zaituni akafikiri, halafu akaomba avishwe vifaa vya masikioni asikilize sauti ya mama yule bila tafsiri, tangu mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akaomba tena. Mara ya tatu midomo yake ilikuwa inacheza pamoja na maneno. Ndipo akasema tayari, na taa nyekundu ikawaka.

"Mimi ushuru wa soko siushushi, na siupandishi. Anayewaambia utashuka, muulizeni mtaro utachimbwa na nini. Mimi nimeuza maharagwe kule chini ya soko miguu ikiwa majini. Pesa tunatoa, tatizo si kutoa. Tatizo ni zinakokwenda. Zimepaka rangi ofisi ambayo haikuchakaa. Zimenunua viti vya wageni ambao hawaji. Mkinichagua, nitataka hesabu isomwe sokoni, kwa sauti, muuza dagaa asikie. Kwanza mtaro, pili choo, na hapo ndipo tutaongea mengine. Na mwanamke aliyeshuka mlimani na kikapu kichwani asidaiwe ushuru kabla hajauza. Aachwe afungue biashara, ndipo alipe. Kumdai mtu ambaye hajafungua ni kumtia nuksi ya siku nzima, na hata komini haifaidiki na nuksi."

Hakukosea pahali. Alisoma kama Godeliva, lakini kwenye choo, nasema kweli, alipaza sauti kuliko Godeliva. Fundi wa mitambo alisahau kuzima mashine. Nimepandia mawaziri na maaskofu, nami nawaambia wazi, sijawahi kusoma vile. Niliona fahari, na papo hapo nikaona hofu.

Jioni elemani ikarushwa. Asubuhi Zaituni akakuta watu mezani kwake, na hawakuja kununua.

"Zaituni, ni we unatukatalia ushuru isishuke?"

"Si mimi. Ni Godeliva."

"Sauti ilikuwa ya nani?"

Ndivyo ilivyokuwa kwa wiki zote zile za kampeni. Mara ya kwanza alijitetea kwamba alikuwa anatafsiri. Nilimwonya kwamba jibu hilo halina soko, mimi nimelijaribu miaka. Basi akaanza kuwajibu hoja kwa hoja, ili wamwondokee tu auze vitambaa vyake. Wakisema ushuru ni mwingi, anawauliza ule wa mwaka jana ulifanya nini. Wakisema waheshimiwa wanaula, anawauliza ukishushwa nusu wataacha kula, au watakula nusu iliyobaki? Aliporudi nyumbani aliniambia kwamba bado anataka ushuru ushuke. Alisema hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kabla ya siku ya kura, kamati ya soko ikatangaza marekebisho ya meza. Zilirekebishwa meza chache, na mojawapo ilikuwa yake. Akapelekwa chini kabisa, nje ya bati, ambako wateja hufika wakiwa wameshanunua.

Nilikasirika. Nilitaka kwenda kwa Mwenyekiti, nilitaka kwenda kwa msitanteri, mkuu wa komini, nilitaka kulisema redioni. Zaituni akaniambia, "Baba Halima, keti. Hukuipoteza wewe," akafunga vitenge vyake na kushuka navyo. Ule mwezi tulikula ugali na mboga za lengalenga zaidi ya tulivyozoea.

Godeliva alishindwa. Sikushangaa. Aliyeshinda alikuwa ameahidi kushusha ushuru, na haki yake nimpe, aliushusha kweli. Soko lilishangilia, Zaituni naye akashangilia. Kisha ikaja mvua.

Wasiojua Muyinga nawaeleza: soko limekaa kwenye mteremko, na maji yote ya juu yanatafuta njia ya kushukia. Njia yenyewe ilipita kati ya meza za chini. Siku ile maji yaliingia na takataka za mlangoni, yakabeba makopo, yakamloweshea jirani yake Zaituni magunia mawili ya mchele. Jirani huyo alikuwa Mama Furaha, mwanamke wa Uvira, mkubwa wa mwili na wa mdomo. Nilikuwapo, nilikuwa nimekuja na kinasa sauti kurekodi habari za mvua. Mama Furaha alisimama katikati ya maji, kitenge amekikunja hadi magotini, akamwelekea mke wangu.

"Zaituni. Mutaro yako ulisema pa redio, iko wapi?"

Wanawake wa chini wote wakageuka. Nilingoja aseme ni Godeliva, kama mtu yeyote mwenye akili angesema.

"Mimi nilishindwa," Zaituni akajibu. "Hamkunipigia kura."

Mama Furaha akajiinua. "Mi sina kura. Mi ni Mukongomani."

"Kura huna. Jembe unalo?"

Kicheko kilichofuata kiko kwenye kanda hadi leo, ingawa Mama Mkurugenzi alisema hakifai kurushwa. Hapo ndipo yalipoanza. Zaituni aliwaambia wenzake kwamba ile sehemu ya ushuru iliyoshushwa wasiile. Kila siku ya soko, mtu akishafungua biashara, aiweke kwenye kikapu cha Mama Furaha. Wengine walinung'unika kwamba huo ni ushuru ule ule umebadilisha mlango. "Ni ule ule," akawaambia. "Ila mlango huu unauona." Na jioni, kabla ya kufunga, Mama Furaha alipanda juu ya kreti na kutangaza kilichoingia na kilichotoka. Wauza dagaa walisikia. Hata waliokuwa barabarani walisikia.

Wakachimba. Jumamosi, siku ya kazi za pamoja, tulishuka na majembe, nami nikapata malengelenge ambayo wanawake wale waliyachunguza kwa furaha. Fundi mwashi alilipwa kutoka kikapuni. Godeliva alipita na maharagwe yake, akasimama, akauliza mwenye kazi hii ni nani. Wakamwonyesha Zaituni. Walikuwa hawajawahi kuzungumza.

"Ni wewe uliyenisemea?"

"Ni mimi."

"Nilikusikia. Pale kwenye choo ulipaza sauti."

"Ninyi Mwakiro mna migomba ya kujificha," Zaituni akasema. "Sisi hapa tunaonekana."

Godeliva akatua kikapu, akaomba jembe.

Mwenyekiti naye, nisimnyime sifa, alituma mawe kwa gari lake. Mtaro ulipokamilika na mvua kubwa kupita bila kulowesha hata unyasi, alishuka mwenyewe, mikono nyuma, akatazama maji yakikimbia. Kisha akamwambia mke wangu kwamba kamati imekaa, na meza ya mlangoni iko wazi, arudi leo akitaka. Mimi nilishaanza kukunja vitenge. Nilikuwa nahesabu moyoni wateja wanaoingia mlangoni, na nyama tutakayokula.

"Ahsante, Mzee," Zaituni akasema. "Nitabaki huku chini. Choo bado."

Mwenyekiti alinitazama mimi, labda akitegemea nitamtia mke wangu akili. Nikavirudisha vitenge mezani.

Baadaye nikarudishwa Gitega kuwa mkuu wa idhaa ya Kiswahili, na Zaituni akanifuata choo kilipoezekwa, si kabla. Niliwafundisha vijana kukata elemani, kuandika kondukteri, yaani karatasi inayopanga kipi kitangulie na kipi kifuate, na kutosoma vifo kama harusi. Sasa wanafanya kwa simu kazi iliyotutaka mashine ya kubebwa na watu wawili, nami nafurahi kwa ajili yao. Nimestaafu. Pensheni inanitosha kwa sukari na magazeti, koo langu bado zima, na asubuhi natembea Magarama nikisalimu watu ambao safari hii nawasalimu kweli.

Nikikumbuka kazi ile, naona nilikuwa mtumishi mwaminifu. Sikumwongezea mgombea neno, sikumpunguzia. Nilisema "mimi" kwa niaba yao wote, nikashusha kodi na kupandisha matumizi, taa ikizima nikaenda kula. Ndiyo kazi ilivyotaka, na siijutii. Zaituni alisema "mimi" mara moja tu maishani mbele ya maikrofoni, na taa ilipozima hakujua kwamba anaruhusiwa kuacha. Hakuna aliyemwambia. Nadhani hata mimi ningemwambia, angeniuliza nani kapanga hivyo.

Simu yetu bado inalia kutoka Muyinga, hasa wakati huu kampeni zinapokaribia. Mara nyingi ni Mama Furaha, na nyuma yake nasikia soko. Mke wangu hajawahi kuchaguliwa kwa kura hata moja. Mimi hupokea, nasalimu kwa sauti yangu ile ya redio, naanza kuuliza habari za mvua. Wananisikiliza kwa heshima kidogo, kisha wananikatiza.

"Ndiyo, Baba Halima, tumesikia. Sasa utupe Mheshimiwa."

Nampa.